Jibu Utakalompelekea Tonton Kuhusu Seva Yetu

Jérémie, papa wangu,

Begi lako liko mlangoni. Makayabu, samaki wa chumvi wa kumpelekea tonton wako, nimeyafunga ndani ya plastiki mbili ili mashati yasinuke. Habari za kufua, kula na kusali utazisikia asubuhi njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Bangoka, maana najua mdomo wangu hautanyamaza mpaka ndege ifunge mlango. Karatasi hii nimeiwekea lile ambalo mdomo umeshindwa kulitoa: nina wivu. Nina wivu na tonton wako, kaka yangu, na siku nyingine nina wivu na wewe, mtoto niliyekuzaa mwenyewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kifaransa tonton wako angenishinda kabla sijafika mstari wa pili, na najua utamsomea.

Kuna na jibu. Kaka yangu Faustin anataka seva yetu iondoke hapa Makiso, Kisangani, iende Kinshasa, ikae kwenye mashine za kampuni yake ya kompyuta, na wewe uiangalie ukiwa huko huko. Wateja wetu wote sita, wenye depo za bidhaa, wanataka hivyo. Wewe pia unataka, ingawa umekuwa na adabu ya kutonitamkia. Amesema wewe ndiye utakayebeba jibu langu. Basi limo humu, chini. Usirukie mwisho. Nakujua, wewe maagizo ya mashine unayasoma kuanzia nyuma.

Habari ya Yanonge, kijijini kwetu, unaijua kwa namna anavyoisimulia yeye. Kwenye ndoa, kwenye matanga, akipewa neno tu, anasimama, anashika tai yake, anasema: « Huyu leki yangu, mudogo wangu, njo alinisomesha. Bila samaki yake, mimi niko bure. » Na watu wanapiga makofi. Wanampigia yeye, kwa unyenyekevu wake. Mimi niko pembeni na sahani ya lituma ya ndizi, natabasamu mpaka mashavu yananiuma.

Na anachosema ni kweli, ndiyo ubaya wake. Babu yako alikuwa na nguvu za kusomesha mtoto mmoja. Jioni mimi ndiye niliyekuwa nafanya hesabu, yaya Faustin, mkubwa wangu, ananakili. Siku ya kuamua, babu yako alituita wote wawili akatuuliza hesabu moja ya mdomo. Mimi nikajibu hata kabla hajamaliza kuuliza. Yaya akakuna kichwa. Babu yako akatikisa chake, akasema: « Bon. Faustin ataenda Kisangani. Wewe unajua kuhesabu tayari, utauzisha samaki. » Nimeigeuza sentensi ile miaka mingi, upande huu na upande ule, na sijaona mahali palipovunjika. Alimpeleka shule yule aliyekuwa na haja ya shule. Ungeniambia nimjibu nini?

Basi nikauza samaki. Kisha nikapata mashine moja ya fotokopi hapo Makiso, karibu na bandari. Meza yake aliitengeneza papa yako, Mungu amrehemu, kwa mbao za sanduku. Kisha ofisi moja ya wageni ikafunga, wakatoa kompyuta zao kwa bei ya vyuma chakavu. Nikachukua mbili, moja nikaila vipuri ili nyingine iishi. Hiyo ndiyo ilikuwa seva ya kwanza. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Mashine ilikuwa inaniandikia makosa yake kwa Kiingereza, na mimi nanakili neno moja moja, natafuta maana yake, nakisia, najaribu, naharibu, naanza upya. Jambo ambalo tonton wako alikueleza kwa simu ukiwa umelala kitandani na miguu ukutani, mimi lilinila msimu mzima wa mvua. Usinione mkali nikikuambia kwamba nilikuwa nasikiliza nyuma ya pazia, nahesabu dakika, na kila dakika ilikuwa inanikata.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Kavira, wa depo ya sukari na sabuni, aliyeshuka kutoka Butembo na lori moja na sasa ana matatu. Alitaka kujua kila jioni kilichobaki ndani bila kuhesabu mifuko kwa kidole. Nikampa programu ya stoku. Nyuma yake wakaja wengine watano. Na kila alipokuja mpya, mimi nilinakili programu nzima, naingia mpaka ndani ya matumbo yake, nabadilisha jina la depo, mahali data zake zinapokaa, neno la siri, namba ya mlango wa kupitia. 8001 mpaka 8006. Depo sita, programu sita. Nikitaka kurekebisha kosa moja, narekebisha mara sita. Niliona fahari, Jéré. Nilikuwa natoka pale mgongo umekufa, nasema moyoni, mtu mwingine asingeweza. Kumbe mtu mwingine asingefanya hata kidogo.

Siku ya sukari ulikuwa bado shuleni, lakini unaikumbuka. Nilikuwa nimerekebisha kitu katika programu ya Mama Kavira, kikafanya kazi vizuri, nikainakili ile programu juu ya ile ya Papa Muhindo, depo ya ng'ambo ya barabara. Nikabadilisha jina. Nikabadilisha namba ya mlango. Mstari wa mahali pa data nikausahau. Asubuhi Papa Muhindo akafungua mashine yake akaona jina lake juu, na chini yake stoku ya jirani yake, yote, mpaka mche wa mwisho wa sabuni.

Watu wale unawajua. Mfanyabiashara wa depo atakueleza ugonjwa wake, atakueleza ugomvi wake na mkwe wake, hata dhambi aliyoungama Jumamosi. Hatakuambia ana mifuko mingapi ndani. Papa Muhindo aliona kwamba kwa Mama Kavira imebaki mifuko minne ya sukari na lori lake limekwama kwenye matope. Hakusema neno kwa mtu. Kabla ya saa sita, yeye alikuwa peke yake na sukari katika barabara nzima, na bei ilikuwa imepanda kama anavyotaka.

Mama Kavira akaja kwangu kwa miguu, hata toleka, baiskeli ya abiria, hakupanda, ili hasira isipoe njiani.

« Mama Jéré, tangu lini Muhindo anajua stoku yangu? »

« Mama Kavira, labda ni bahati tu. »

« Bahati? Alituma batu bane kwangu, kila mutu ananunua mufuko moja. Na mimi nilikuwa na mifuko ine. Hiyo iko bahati ya namna gani? »

Nilikataa mpaka jioni. Nilisema ni antena, nikasema ni mtoto wa kazi wa depo yake mwenyewe, nikasema ni umeme. Wewe ulirudi na begi la shule mgongoni, ukasimama nyuma yangu ukitafuna karanga, ukaangalia skrini, ukasema taratibu: « Mama, hapa ungali umeandika Kavira. » Hukucheka. Ungecheka ingekuwa nafuu. Nilikutuma maji, na ndani palikuwa na maji.

Wiki ile ndipo ulipoanza na « Tonton anasema ».

« Tonton anasema programu inakuwa moja tu, Mama. Mipangilio njo inabadilika. »

« Tonton wako amekwisha kuona depo hata moja ya hapa? »

« Hapana. »

« Alors anajua je? »

« Mama, iko vile kila mahali. »

Hiyo « kila mahali » iliingia kama mwiba wa samaki. Mimi nilikuwa nimejenga kitu changu hapa, kwa mikono yangu, na kumbe kila mahali watu walikuwa wanajua tayari kwamba hakijengwi hivyo. Hakuna aliyenificha. Hakuna tu aliyekuwa na sababu ya kuniambia.

Na ulifanya. Uliitoa mipangilio yote matumboni mwa programu, ikabaki programu moja, safi, isiyojua jina la mtu. Ukaandika faili sita ndogo, kila depo na faili lake, ambalo programu inalisoma inapoamka: wewe leo ni depo fulani, data zako ziko mahali fulani, mlango wako ni huu, fanya kazi na wafanyakazi wanne, vile vipande vya programu vinavyogawana kazi. Maneno ya siri hukuyaacha hata katika faili. Uliyaweka katika mazingira, yaani mashine inanong'onezwa sikioni wakati wa kuamshwa, inayashika kichwani, na mwizi akiiba faili hakuti kitu. Nilikuwa nakuangalia. Ulikuwa unafanya huku ukiimba wimbo wa kwaya, unapiga mguu chini ya meza. Mimi sijawahi kuimba mbele ya ile mashine. Nilikuletea chai, sifa nikabaki nazo. Zichukue sasa: ilikuwa kazi nzuri, na kosa la siku ya sukari haliwezi kutokea tena kwa njia ile, kwa sababu hakuna tena kunakili.

Lakini tangu siku ile simu yangu ikaacha kuwa yangu.

« Mama Jéré, mutoto iko? »

« Niko mimi, Mama Kavira. »

« Ndiyo, nasikia sauti yako. Mutoto iko? »

Nilikuwa nakupa simu na kutoka nje, nasimama pale penye waendesha toleka, nawaangalia wakibishana juu ya abiria. Mtu akimwibia mwenzake abiria wanatukanana mpaka kwa mababu, kisha wanagawana kipande cha chikwangue ya muhogo. Niliwaonea wivu hata wao.

Sasa asubuhi ya betri. Hii nataka niieleze vizuri, maana tulipigiana kelele na hatukuirudia.

Unajua mimi nina utaratibu wangu. Umeme wa mji ukiwapo, seva inafanya kazi na wafanyakazi wanne na kuweka nakala kila saa. Umeme ukikatika tukabaki na betri, napunguza: mfanyakazi mmoja, nakala moja wakati wa kufunga. Hapo betri zinanifikisha jioni. Zikishuka chini ya volti ishirini na tatu nazima mwenyewe kwa mkono, kabla hazijafa vibaya. Hii hakunifundisha mtu, na huko Kinshasa kwenye mashine za tonton wako hawana haja ya kuijua. Asubuhi ile umeme ulikatika. Wewe ulikuwa umekwenda msitu wa Masako na wenzako wa chuo, kupima miti ya profesa. Nikafungua faili, nikafuta nne, nikaandika moja, nikaamsha upya. Nikahesabu wafanyakazi: wanne. Nikarudi ndani ya faili, moja ipo, nimeiandika mimi. Nikaamsha tena. Wanne. Volti zinashuka, napiga tena, wanne, wanatembea tu humo ndani kama watu walioajiriwa na mwingine.

Nikafikiri: mtoto amenifungia nje. Naomba uielewe hesabu yangu ya dakika ile. Nilikuwa naamuru kitu changu mwenyewe na hakinisikii. Nikakupigia.

« Jéré, umefanya nini kwa mashine yangu? »

« Mama? Réseau iko mubaya huku. Uliandika wapi? »

« Ndani ya fichier! Wapi tena? »

« Ile namba ya wafanyakazi niliiweka kwa mazingira, Mama, kwa ile amri ya kuamusha. Vikigongana, mazingira njo inashinda fichier. Nilikuambia. »

« Hukuniambia hata siku moja! »

« Nilikuambia, Mama, siku ile nilisema tonton ana— »

Mtandao ukakata. Dakika chache baadaye betri nazo zikakata. Depo sita zikarudi kwenye kalamu na karatasi, waendesha toleka wamepanga baiskeli mlangoni wakingoja mizigo, na Papa Muhindo anauliza barabarani kwa sauti kama duka langu limehamia gizani.

Ulikuwa umeniambia. Niliikumbuka jioni ile na nikaimeza peke yangu. Tulikuwa tunakula pondu, ukasema: « Tonton anasema kama kitu kiko kwa fichier na kwa mazingira, » na mimi masikio yangu yakafunga mlango pale pale penye « tonton ». Yaliyofuata yote yalibaki nje. Hapo ndipo nilipojua wivu unagharimu kiasi gani, maana mimi vitu navijua kwa gharama zake: sentensi moja haikusikilizwa, mtaa mzima wa depo ukazimika.

Huko uendako utakutana na mtu utakayemwonea wivu. Usijidanganye kwamba wewe ni mpole. Damu yangu imo. Atakuwa mtu wa rika lako, atajua kwa urahisi kitu ulichokitolea jasho, na labda atakuwa mtu mwema, na hapo ndipo pabaya zaidi, maana huwezi hata kumlaumu. Siwezi kukuambia usiwe na wivu wakati mimi mwenyewe nimezeeka nao. Nakuambia tu, msikilize mpaka mwisho wa sentensi yake. Ukimaliza kusikiliza, mchukie.

Siku wenye depo walipokuja wote dukani, uliona nilivyowapa viti. Nilijua wanakuja na neno. Mama Kavira akaweka simu katikati ya meza, sauti ikatoka, na ilikuwa ya kaka yangu. Walikuwa wamekwisha kuongea naye kabla yangu! Hiyo sijamsamehe bado, ingawa ameomba radhi, kama anavyoomba radhi kwa kila kitu, upesi na vizuri.

« Leki, umechoka na betri, » akasema. « Leta hiyo kitu kwangu. Hautalipa kitu. Mutoto ataiangalia, na wewe utapumzika. »

« Nani alikuambia nimechoka, yaya? »

« Donc haukuchoka? »

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mama Kavira akanishika goti. « Hata mimi ningekubali, mama. Ndugu mwenye roho kama hii, wengine tunamutafuta na taa. »

Nikakuangalia wewe. Wewe ulikuwa unaangalia viatu vyako vipya.

Shule aliichukua yeye. Kesho anachukua mtoto, na makayabu ya kumpelekea nimeyafunga mimi. Sasa na seva. Najua utasema hakuchukua, alipewa, na mimi ndiye mtoaji kila mara. Ndiyo. Mtu anayetoa kila mara naye anahesabu, hata kama hasemi.

Nimekaa na jambo hili siku hizi zote nikijaribu kulipima bila moyo, namba kwa namba. Umeme wake ni bora. Mashine zake ni bora. Wewe ni bora kuliko mimi katika kazi hii, na baada ya mwaka mmoja kwake utakuwa bora zaidi. Upande wangu kulikuwa na kitu kimoja cha kuweka kwenye mizani, na sikuwa na hakika kama bado ninacho: kwamba naweza. Kwamba kile kitu, baada ya mikono yako kupita ndani yake, bado kinanijua.

Kwa hiyo leo, ulipokwenda kuaga watu wa kwaya, nilifunga duka kukiwa bado mchana kweupe. Nikajiwekea sharti na nikaliapa. Nitabadilisha maneno yote ya siri. Nitautoa ufunguo wako wa kuingilia ndani ya seva. Nitazima umeme wa mji kwa mkono, niamshe kila kitu juu ya betri, na amri ya mfanyakazi mmoja niiweke katika mazingira, mahali inaposikika. Sitampigia mtu. Depo zote zikiamka na kusimama imara, jibu ni hapana. Hata moja ikikataa, jibu ni ndiyo, na nitampigia yaya mimi mwenyewe nimwambie aksanti bila kuuma meno.

Ya Mama Kavira ikasimama. Nyuma yake wa mafuta, wa unga, wa saruji, Papa Muhindo naye akasimama na data zake mwenyewe, ashukuru Mungu. Ya 8006 ikakataa. Ikaamka, ikaanguka. Ikaamka, ikaanguka.

Na mimi, mwanangu, nilifurahi.

Sikutegemea. Nilikuwa naisubiri hasira, ikaja furaha. Simu ilikuwa tayari mkononi, jina lako kwenye skrini. Nilikuwa nimekwisha kulipanga neno la kukuambia: rudi kidogo, Mama ameshindwa. Ungeacha kwaya, ungekuja unakimbia, ungekaa kwenye kile kiti ukapiga mguu chini ya meza. Labda ungesema, ngoja niahirishe safari kidogo, mpaka iwe sawa. Hapo nikauona wivu wangu mpaka chini kabisa. Seva nilikuwa tayari kumpa yaya. Kwa wewe ndipo nilipokuwa nimekazia mkono.

Nikaiweka simu kifudifudi. Nikasoma kosa kama nilivyokuwa nasoma zamani, neno moja moja, na kidole. Lilikuwa linasema: sina ruhusa ya kusoma faili. Faili la 8006 nilikuwa nimelifungua kulikagua, nikalihifadhi kwa jina langu, na programu inaamka kwa jina lingine, haikuwa na haki ya kulifungua. Nikaipa haki. Ikasimama.

Nilikaa mbele yake mpaka ukarudi. Ukasema, « Mama, giza, mbona haujawasha taa? » Nilikuwa naingoja ianguke. Haikuanguka.

Basi jibu ndilo hili. Mwambie tonton wako aksanti, halafu hapana. Usigeuze mpangilio huo. Yeye ni yaya wangu, na aliomba kwa moyo safi. Seva inabaki Makiso. Wenye depo nitawaona Jumatatu mimi mwenyewe, mmoja mmoja, na atakayetaka kwenda aende, nitampa data zake zote mkononi bila kinyongo, au kinyongo nitakipeleka nyumbani. Wakikupigia huko, uliza habari za watoto wao, kisha waambie Mama yuko.

Wewe soma kwake. Chukua kila kitu anachojua, usiache hata mfupa. Kile kisomo kina samaki wangu ndani. Usivitazame viatu watu wakikuuliza unataka nini. Na kama utampenda yeye kuliko mimi, fanya hivyo ukiwa Kinshasa. Ukija likizo usinionyeshe.

Ufunguo wako nimeutoa, kama nilivyosema, na sitaurudisha. Ukijaribu kuingia, seva itakukataa. Itaandika upande wangu jina la aliyekataliwa na saa aliyojaribu, na mimi asubuhi nasoma yote.

Jaribu mara moja, ukifika. Nione jina lako.

Ni mimi,
mama yako